Nguzo ya Mia na Kumi na Nne

Miaka kumi na moja nilizihesabu nguzo za ua huu,
koleo kiunoni, glovu za mpira mikononi,
hadi ukingo wa Mwariki.
Ya mia na kumi na nne ilikuwa na kovu
tangu nyati alipojikuna akasahau kuna stima.
Leo imebaki ncha tu, na mnandi amekaa juu yake,
akianika mbawa.

Ziwa halikupiga hodi.
Lilianza na choo,
likaja kwenye mahindi ya Kerubo,
Alhamisi moja jioni likaingia sebuleni
likakaa.
Tuliinua godoro juu ya meza,
meza juu ya matofali,
na matofali, je, juu ya nini?

Askari wa wanyama alikuja na ramani.
Akasema palipo na ziwa ni mbuga.
Nikatoa hati ya ploti yangu kwenye mkebe wa Kimbo.
Akaisoma amesimama majini na buti zake,
akasema hati ni halali.
Akasema pia: lakini.
Hiyo lakini hakuimaliza,
bado inaelea pale, karibu na mpera uliokufa.

Zamani maji haya yalikuwa magadi matupu,
ya heroe na wageni wa kamera.
Mvua ziliyalainisha. Heroe wakaenda zao Bogoria,
na ngege wakaja, sijui kwa mlango gani.
Usiku mmoja nilimulika tochi dirishani
nikawaona watatu, pale pale jiko la makaa lilipokuwa,
wakilamba ukuta nilioupaka chokaa kwa mkono wangu.
Basi niambieni,
samaki aliye jikoni mwangu
ni wa serikali?

Msinielewe vibaya. Waya ule ulinilisha.
Karo ya Jepkosgei ilitoka humo,
kila fundo nililokaza ni daftari.
Na asubuhi moja, umande haujakauka,
nilimwona faru ng'ambo ya waya, hatua ishirini,
akipumua kama mtu mwenye pumu.
Nikajua huyu hana kwingine pa kwenda.
Wakati huo mimi nilikuwa na kwingine.

Onditi alikuja na vyandarua vitatu vya zahanati
vilivyoshonwa kuwa kimoja.
Watoto wanne, chumba kimoja Kivumbini.
"Fundi, wewe wajua waya ulikolala. Nipitishe."
Nikamwambia wanasema samaki wana sumu, maji taka ya mji.
"Mji ndio utakaowala," akasema.
Nikamuuliza, na kiboko?
"Kiboko hutoa kichwa kwanza. Kodi ya nyumba haitoi."

Nilimpitisha.
Lakini nilimwonyesha: kutoka mpera hadi nguzo, tega.
Huku ni kwangu.
Kule ndani, hata ukiwaona wamejaa kama mchanga,
hata mguu usitie.
Akacheka, "Fundi, bado wajenga ua?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Tochi ilitupata saa nane usiku.
Ni yule yule wa ramani, ndani ya boti, peke yake,
sauti imekauka kwa mafua.
"Mko ndani au mko nje?"
Nikanyoosha mkono, mnandi akaruka,
nikaishika nguzo, nikalipapasa lile kovu.
"Hii ni ya mia na kumi na nne," nikasema.
"Tuko nje. Kwa upana wa mlango."

Akawamulika ngege, saba tu, kwenye beseni.
Akamulika maji upande wangu, akamulika upande wake.
Alitafuta tofauti kwa muda mrefu.
"Kesho tutakuja kupima," akasema,
akazima tochi, akabaki hapo gizani
kama mtu aliyesahau kazi iliyomleta.

Kulipokucha hawakuja.
Ziwa lilikuwa limepanda vidole viwili,
na mnandi alikuwa akizunguka, akizunguka,
akitafuta pa kutua.